Boswell hakuanza na karatasi tupu
Ndugu, umeuliza kama James Boswell, mwandishi wa Uskoti, ndiye aliyebuni uandishi wa wasifu alipochapisha maisha ya rafiki yake Samuel Johnson, mwandishi wa Kiingereza, mwaka 1791. Hapana, njia aliikuta imeshafyekwa, na waliofyeka ni Wagiriki na Waroma.

Plutarch, Mgiriki wa kale aliyeandika wasifu, akisimulia maisha ya Aleksanda Mkuu, alisema neno dogo au mzaha huweza kumfichua mtu kuliko vita vilivyoua maelfu. Boswell anayanukuu maneno hayo mwanzoni kabisa mwa kitabu chake, wala hafichi deni. Johnson naye, katika insha namba 60 ya jarida lake la Rambler ya mwaka 1750, anamsifu Sallust, mwanahistoria wa Roma, kwa kutaja kwamba Catiline, Mroma aliyekula njama ya kuipindua serikali, alitembea mara haraka, mara polepole. Ni hatua za miguu tu hizo, lakini unamwona mtu ambaye moyo wake umechafuka.

Sasa soma kisa cha maganda ya machungwa. Asubuhi Boswell anayaona mezani kwa Johnson, yamekwanguliwa na kukatwakatwa vizuri. Anauliza ya nini. Anabana hadi anajua kwamba hukaushwa. Halafu? Mzee anagoma kusema! Mwandishi mwingine angeliruka jambo hilo kwa aibu. Boswell kaliandika lote, pamoja na kushindwa kwake.

Kwangu mimi, kipya chake hasa ni mazungumzo, aliyokuwa akiyahifadhi katika shajara zake. Plutarch hakuwahi kukaa meza moja na Aleksanda.