Programu ya Anatomia Haitakufanyia Mtihani

Mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa kwanza ameniandikia: "Dada, nitajie programu moja ya anatomia ambayo nikiwa nayo sitapata sapu," yaani mtihani wa marudio. Mdogo wangu, jina nitakutajia, ila nisikilize kwanza.

Chuoni kwetu palikuwa na mifupa ya plastiki, chati zilizofifia ukutani na msongamano wa wanafunzi kila kipindi cha vitendo. Mkufunzi mmoja alitamka mbele ya darasa zima kwamba sisi tuliotoka shule za kata anatomia ingetushinda. Maneno yale yananiuma mpaka leo. Nilimaliza bila sapu hata moja, na sasa wanafunzi wanaokuja wodini naelekeza mimi.

Kilichonivusha ni simu ya binamu yangu yenye programu ya 3D, na tako. Kitabu kilisema sindano ya msuli wa tako ichomwe robo ya juu ya nje. Nilikariri, lakini kwa nini hapo? Kwenye simu niliuondoa msuli mkubwa wa juu, gluteasi maksimasi, na chini yake nikaiona neva ya siatiki, nene kuliko neva zote za mwili, ikichomoza chini ya msuli wa pirifomisi na kushuka kuelekea pajani. Kumbe robo ile inakwepa neva! Nikazima simu, nikachora kwa kalamu. Nilipokwama nikawasha, nikatazama, nikazima tena. Hapo ndipo ilipo siri yote: zima simu uchore. Wenzangu waliokuwa wakizungusha picha usiku kucha kama wanaangalia tamthilia walifika kwenye mtihani mikono mitupu.

Fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, nayo ni hivyo hivyo. Moyo wa kwenye kioo cha simu unapiga polepole, unaona vali, yaani milango ya moyo, zikifunga. Basi shika shingo yako, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Kila pigo la mtu mzima aliyepumzika hutoa takriban mililita 70 za damu. Zidisha kwa mapigo 70 na ushee, unapata kama lita 5 kwa dakika. Ukishaikokotoa mwenyewe huisahau.

Umeuliza pia kama picha hizi ni za kweli. Nyingine ni michoro ya wataalamu, nyingine zimetokana na miili halisi. Mwaka 1994 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa picha za mwili wa mwanamume uliokatwa vipande vya milimita 1, na mwaka uliofuata za mwanamke, vipande vyembamba zaidi. Hao walitoa miili yao ili wewe usome. Iheshimu kazi hiyo. Kumbuka pia kwamba binadamu hatufanani: kwa baadhi ya watu neva ile ya siatiki hugawanyika mapema na tawi moja likapenya katikati ya pirifomisi. Kwa hiyo nenda maabara, shika mfupa, shika kadava, yaani maiti ya kujifunzia, kama chuo chako kinayo. Acha uvivu wa kutaka simu ikubebe, mgonjwa hatakusubiri ufungue programu.

Sasa jina: Complete Anatomy ni nzuri sana ila ni ya kulipia. Z-Anatomy ni ya bure. Ipakue kwa intaneti ya maktaba, bando lako libaki. Anza na tako, kisha nitumie mchoro wako niusahihishe.