Mbuzi wangu wa Kibirizi alivyofika Dar

Mhariri, wiki hii mmeuliza kwa nini kichekesho kisicho na kichwa wala miguu husambaa mitandaoni kuliko habari ya maana. Mimi nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, na jibu langu ni mbuzi.

Mwaka jana nilimpiga picha mbuzi kwenye boti la abiria, kavalishwa jaketi okozi, anatazama ziwa kama bwana shamba anayesubiri posho. Nikairusha kwenye kundi letu la wauza dagaa: "Nauli nimelipa, twende." Wiki tatu baadaye shemeji yangu aliyeko Dar akanitumia picha ileile: "Kitinda mimba akienda kugawiwa urithi." Imefifia, kona moja ya picha imekatwa, lakini beseni langu la bluu lenye alama nyekundu liko palepale. Nikamwambia ni ya kwangu. "Acha hizo shemeji, hiyo ni ya Mwanza."

Kumbe kilichosafiri si utani wangu. Ni mbuzi. Kila aliyempokea aliyashusha maneno ya mwenzake akapakia ya kwake. Habari ya maana huja imeshiba, huna pa kuongeza.

Wale wabeba jeneza wa Ghana nao walisafiri hivyo mwaka 2020. Kwao kucheza na jeneza ni kumsindikiza marehemu kwa shangwe. Watu wakakata kipande, wakakiunga kwenye klipu za watu wanaokaribia kuanguka, na muziki juu. Vijana wa bodaboda huku wakamuungia mwenzao aliyeingia mtaroni. (Alipona. Na ndiye aliyeisambaza.)

WhatsApp walijaribu kufunga breki: 2019 ujumbe ukawekewa kikomo cha kusambazwa kwa watu au makundi matano kwa mpigo, na 2020 uliokwisha kuzunguka sana ukawa wa mmoja mmoja. Lakini ukipiga skrinishoti ukaituma, inahesabiwa ni mpya, haina hata ule mshale wa kuonyesha imetoka kwingine. Na kila ikitumwa upya hivyo, programu kwa kawaida huibana ipungue uzito, ndiyo maana mbuzi wangu alifika Dar hoi.

Sasa ameshakuwa stika. Juzi mteja wangu wa Tabora, nilipomtajia bei ya kilo, alinijibu kwa huyo mbuzi tu, hakuandika neno. Beseni ni la nani sikumwambia. Nikampunguzia mia tano.

Muuza dagaa, Kigoma