Mradi wa wanawake ukija na bendera ya nchi nyingine

Kina mama wenzangu mnaoongoza vikundi, wengi mmeniuliza kama mkubali miradi ya ubalozi mnayoletewa na afisa maendeleo ya jamii. Mimi nasema kubalini. Ila mjue mapema kwamba fedha hizo ni sehemu ya siasa ya nje ya nchi inayozitoa. Serikali inatafuta marafiki, inatafuta jina zuri, na inataka wananchi wake waone kodi yao imefanya kazi. Si siri hiyo, wala si dhambi.

Marekani iliingiza suala la wanawake katika sheria yake ya misaada mwaka 1973, kwa pendekezo la Seneta Charles Percy. Sweden ilitangaza sera ya mambo ya nje inayotetea wanawake mwaka 2014. Serikali mpya ilipoingia 2022 ikaiweka kando. Shida za mama wa Handeni zilikuwa zile zile miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni matokeo ya uchaguzi wa huko kwao.

Sisi yalitukuta Januari 2025. Kikundi chetu cha batiki kilikuwa katikati ya mafunzo ya biashara yaliyolipiwa na Marekani kupitia shirika moja. Tarehe 20 amri ya kusitisha misaada ikasainiwa Washington. Haukupita muda mkufunzi wetu akapiga simu: haji tena, na yeye mwenyewe kazi imeota mbawa. Nta na rangi tulizoahidiwa hazikufika. Vyerehani vilivyokwisha kufika vikafungiwa stoo, kwa sababu karatasi zilisema ni mali ya mradi na hakubaki mtu wa kusaini tukabidhiwe. Mwezi wa saba USAID yenyewe, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikafunga shughuli zake.

Hatukusambaratika kwa sababu ya hisa. Tulikuwa tunanunua hisa kila wiki, fedha zinakaa kwenye sanduku letu la kufuli tatu, na mweka hazina wetu alikuwa amekataa katakata kuzichanganya na akaunti ya mradi. Mama yule namheshimu mpaka leo. Kupitia sanduku hilo tulinunua nta wenyewe na oda ya vitenge vya harusi ikatoka kwa wakati.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni: fedha hizi zimepitishwa hadi lini? Vifaa vitaandikwa kwa jina la nani tangu siku vinapofika? Mafunzo yakikatika katikati, vitabu na masomo yanabaki kwetu? Majibu yawe kwa maandishi, na nakala ikae kwa katibu wa kikundi. Mtu akikasirika kwa kuulizwa hivyo, hiyo nayo ni taarifa.

Halafu pimeni mradi kwa kitakachobaki kwenu wafadhili wakiondoka. Mfano ninaoupenda ni wa India. Serikali yao ililipia wanawake wa vijijini hapa kwetu, wengine bibi wasiojua kusoma, kwenda Tilonia, Rajasthan, kwenye chuo cha Barefoot, wakajifunza kuunda na kutengeneza taa za sola kwa kufuata rangi na ishara. Waziri Mkuu Narendra Modi alipokuja Dar es Salaam Julai 2016 alikutana nao, picha zikapigwa. Diplomasia tupu! Lakini ujuzi ulirudi na akina mama, na Zanzibar kukawa na kituo Kinyasini ambako wengine wanafundishwa hapa hapa. Hiyo picha ilikuwa na thamani pande zote mbili.

Picha zitapigwa na kwenu pia, hasa Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani. Msikubali kupangwa mkae kinyonge. Mgeni akifika, mwonesheni daftari la mauzo, mtajieni bei, mwulizeni nani huko kwao ananunua. Ombeni namba za wanawake wengine wanaofundishwa na mradi huo. Wateja wetu wawili wakubwa tumewapata kwa njia hiyo, na mahusiano hayo hakuna aliyeyafunga.

Na cheti cha usajili mtakachohangaikia kwa ajili ya ubalozi, kipelekeni pia halmashauri. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ni ya wanawake. Hiyo ni kodi yenu, na mkichelewa kuomba, vikundi vingine vitaichukua.