Ndago huu au ndago hii? Na je, ni nyasi?

Msomaji kauliza hivi: "Mwalimu, kuna majani yananisumbua shambani, nikipalilia yanarudi, wengine wanayaita ndago wengine wanasema ni nyasi tu. Lipi sahihi, na nisemeje, ndago huu au ndago hii?"

Ndago ipo ngeli ya I-ZI, kwa hiyo ndago hii imeota, ndago hizi zimeota. Hiyo "huu" nadhani watu wanaitoa kwenye "unyasi huu" au "mmea huu". Ukisema "magugu haya ya ndago yamerudi" napo uko sawa, maana hapo sentensi inafuata magugu.

Sasa hilo la nyasi ndo lina utamu. Kwenye maongezi nyasi ni chochote chembamba cha kijani kilichojiotea chini na mimi simkosoi mtu kwa hilo, ila ukitaka kuitambua ndago usihangaike na majani kwanza, shika shina la ua ulizungushe kati ya vidole, utasikia pembe tatu, na ukilikata limejaa ndani tena halina vifundo, wakati la nyasi kwa kawaida ni duara, lina vifundo na mara nyingi lina uwazi ndani. Halafu chimba. Utakuta viazi vidogo vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi, ndo maana kukata juu juu ni kujichosha bure, kiazi kikibaki kinachipua tena. Ua lake ni la kahawia yenye wekundu, wataalamu wanaiita Cyperus rotundus. Ina ndugu yake, Cyperus esculentus, huyo ua lake linaelekea manjano na viazi vyake ni vitamu, vinaliwa, vya huyu wa kwanza ni vichungu.

Inaota karibu nchi zote za joto: mashambani, kando ya barabara, kwenye mifereji na kingo za mito. Inapenda jua na unyevu, kivulini inadhoofika.

Na kwa kuwa wengi mnachanganya, mafunjo nayo ni ukoo huohuo, Cyperus papyrus, yale marefu kuliko mtu ya kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria na Naivasha ambayo Wamisri wa kale walitengenezea karatasi. Yapo LI-YA, funjo hili mafunjo haya, na tafadhali msiyaite matete, tete ni la ukoo wa nyasi, lina vifundo.