Maswali na Majibu: Watoto 120 Chumba Kimoja, Twende kwa Nani?

Barua nyingi zilizotufikia msimu huu zinatoka kwa wazazi na wajumbe wa kamati za shule, na karibu zote zinauliza jambo moja: tumesema sana kuhusu shule yetu, mbona hatusikilizwi? Tumechagua tano.

Shule yetu ya msingi ina wanafunzi 840 na vyumba 7 vya madarasa. Kila mkutano wa kijiji tunalalamika, mwenyekiti anaitikia, kisha kimya. Tumekosea wapi? (Mzazi, Kilosa)

Mwombeni mtendaji wa kijiji awaonyeshe muhtasari wa mkutano uliopita. Tunadhani mtakuta suala la madarasa limeandikwa mstari mmoja chini ya "mengineyo", au halimo kabisa. Jambo la mengineyo husemwa na kusahaulika, kwa sababu halina azimio, na pasipo azimio mtendaji hana cha kupeleka kata. Kabla ya mkutano ujao, kamati ya shule iandike barua ya kuomba madarasa yawe ajenda kamili. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo hamna haja ya kusubiri mwaka.

Mkienda, nendeni na hesabu. "Watoto wanabanana" ni kilio tu, ila upungufu wa vyumba 12 unaweza kuingizwa kwenye mpango. Vigezo vinavyotumika Tanzania Bara kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa chumba, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na dawati moja kwa watoto watatu. Gawanyeni 840 kwa 45: mnahitaji vyumba 19, mnavyo 7. Kama wasichana ni 430 na wavulana 410, matundu ni 22 na 17. Madawati ni 280, na hesabuni yale tu yanayokalika, si yaliyolundikwa nyuma ya stoo.

Baada ya hapo chagueni kimoja. Hapa ndipo vijiji vingi vinapojikwaa: wanapeleka orodha ya mahitaji kumi na nne, na anayepanga bajeti anachukua lililo rahisi, tuseme kupaka rangi ofisi, kisha anaandika kwamba kijiji kimehudumiwa.

Azimio likishapita linakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha halmashauri. Angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mipango ya vijiji na kata hukusanywa kati ya Oktoba na Desemba, na halmashauri hupitisha bajeti yake mapema mwaka unaofuata, kabla Bunge halijaanza vikao vya bajeti mwezi Aprili. Anayekwenda kulia kwa mkurugenzi wa halmashauri mwezi Mei, mvua zikiwa zimeshabomoa ukuta, anazungumzia fedha ambazo zimeshagawanywa. Halmashauri ya wilaya ina Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Mwulizeni diwani wenu kama shule yenu imetajwa huko, na siku baraza la madiwani linapokaa, watu wawili watatu wakae ukumbini wasikilize. Wananchi wanaruhusiwa.

Tulijenga boma la vyumba viwili kwa nguvu zetu mpaka kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Huu ni mwaka wa tatu halijaezekwa. Halmashauri iliahidi kumalizia. (Mjumbe wa kamati ya shule, Sikonge)

Iliahidi kwa mdomo au kwa maandishi? Boma linaezekwa likiwa kwenye orodha ya maboma ya kukamilishwa, na haliingii humo mpaka mhandisi wa halmashauri alikague. Andikeni kwa mkurugenzi kupitia kwa mtendaji wa kata mkiomba ukaguzi, na ambatanisheni thamani ya mchango wenu kwa shilingi: tripu za mchanga na mawe, tofali, siku za kazi za mafundi na za wananchi. Jasho lisiloandikwa halihesabiki.

Jiandaeni pia kusikia kwamba halifai. Kuta zilizonyeshewa misimu mitatu bila paa hulegea kuanzia juu, hasa zikiwa za tofali zisizochomwa vizuri. Kuezeka boma bovu ni kuwawekea watoto mtego, na kubomoa kozi za juu, yaani mistari ya juu ya tofali, na kujenga upya ni gharama ndogo kuliko ukuta ukiwaangukia. Mkisubiri mkaguzi, funikeni vichwa vya kuta kwa mchanganyiko wa mchanga na saruji ili maji yasipenye katikati.

Kwa vijiji ambavyo havijaanza: msichimbe msingi kabla ya kupata ramani kwa mhandisi. Kwenye lenta, zege la kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, zipimwe kwa ndoo ileile. Beleshi halipimi, kwa sababu beleshi la saruji na beleshi la kokoto havilingani. Fundi akiona zege gumu kumwaga huongeza maji, na hapo ndipo nguvu inapopotea. Kisha limwagiliwe siku 7 mfululizo. Hili la kumwagilia ndilo huachwa zaidi, maana maji yanatoka mbali na kila mtu anadhani kazi imekwisha, kwa hiyo pangeni zamu ya kaya kabla zege halijamwagwa. Idadi ya nondo ifuate ramani. Ikisema nne za milimita 12 na fundi ameweka mbili, msimamisheni siku hiyohiyo.

Mwalimu mkuu anasema fedha za serikali haziji. Serikali inasema inatuma kila mwezi. Tumwamini nani? (Wazazi watatu, Muheza)

Fanyeni hesabu kabla ya kumwamini yeyote. Kwa kiwango kilichowekwa elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huenda kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 ingetarajia 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Fedha hiyo inatakiwa kununua chaki, karatasi za mitihani na kurekebisha bawaba za milango, kwa hiyo mwalimu anaposema "hazitoshi" huenda anasema kweli hata kama zinakuja. Msichanganye ruzuku na posho ya madaraka ya mwalimu mkuu. Hiyo ni yake, na ugomvi mwingi umezuka kwa kuzihesabu pamoja.

Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kuonekana kwenye ubao wa matangazo wa shule, na kamati ya shule ina haki ya kuisoma kikaoni. Isipopatikana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiomba kwa maandishi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ombi liwe jembamba: "Naomba taarifa ya ruzuku ya uendeshaji iliyopokelewa na shule yetu kati ya Julai na Desemba, kwa kila mwezi." Mkiandika "tunataka kujua fedha zetu zinaliwa na nani", mmeshatoa hukumu, na barua ya namna hiyo hujibiwa na mwanasheria. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Shule yetu ina walimu wanne kwa wanafunzi 500, na ya mjini ina walimu kumi na tisa kwa idadi hiyohiyo ya watoto. Tuombe waajiriwe wengine? (Msomaji, Kilwa)

Ombeni msawazo kwanza, yaani walimu waliopo wagawanywe upya kati ya shule. Ajira mpya zinaamuliwa juu kabisa, lakini kumhamisha mwalimu kutoka shule moja kwenda nyingine ndani ya halmashauri ni uamuzi wa mkurugenzi. Wekeni namba za shule mbili hizo kwenye karatasi moja, bila maneno mengi, mmpelekee afisa elimu wa kata na diwani.

Lakini mjue kwa nini walimu wa kwenu huondoka. Mara nyingi ni nyumba. Mwalimu anayepanga chumba kilomita sita kutoka shuleni, bila maji, ataomba uhamisho hata mkimpokea kwa ngoma. Kijiji kinachokarabati nyumba moja ya mwalimu kina hoja nzito zaidi mbele ya mkurugenzi kuliko kinachoomba mikono mitupu.

Tumeambiwa kila mzazi atoe debe la mahindi kwa uji, na asiyetoa mtoto wake arudishwe nyumbani. Ni halali? (Mama wa watoto wawili, Kondoa)

Debe linaweza kuwa halali, kumrudisha mtoto si halali. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 unakataza mwanafunzi kuondolewa shuleni kwa sababu ya mchango. Uji wenyewe msiuache, ni jambo jema. Ila makubaliano yafanywe na wazazi kwenye mkutano, yaandikwe, na makusanyo yashikwe na serikali ya kijiji pamoja na kamati ya wazazi. Walimu wasikusanye.

Hesabu ya debe iko hivi. Tukichukua gramu 60 za unga kwa kikombe na siku 194 za masomo, mtoto mmoja anahitaji kama kilo 11.6 kwa mwaka. Debe lililojaa lina karibu kilo 18 za mahindi. Likisagwa dona linamtosha mtoto mmoja na ziada inabaki, na ziada hiyo ndiyo iwabebe watoto wa kaya zisizo na kitu. Amueni mapema ni kaya zipi, majina yakae kwa kamati tu, yasisomwe mstarini. Likikobolewa, debe linapungua sana na uji utakatika kabla mwaka haujaisha. Mahindi yakaushwe vizuri na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, maana yenye ukungu hayatengenezeki kwa kuoshwa wala kuchemshwa, ni ya kutupa. Apatikane mtu mmoja mwenye daftari la stoo, anayeandika kilichoingia na kilichotoka kila asubuhi, na mwingine mwenye ufunguo.