Ripoti ya MRI inasema mfereji wa kushoto ni mwembamba, je mshipa umeziba?

SWALI: Shikamoo dokta. Kichwa kinaniuma mwezi wa tatu sasa, nikapigwa MRI ya mishipa, ripoti inasema sainasi ya transvesi ya kushoto ni hipoplastiki na vena ya jugula upande huohuo ni ndogo. Kuna mtu anasema mshipa umeziba na ana dawa ya kuuzibua. Niitumie?

JIBU: Marahaba. Usiitumie.

Hipoplastiki maana yake mfereji umekuwa mwembamba tangu tumboni kwa mama, haujaziba popote. Na hiyo sainasi sio ile ya mafua jamani, ni mfereji wa damu ndani ya fuvu, unaomwaga kwenye jugula, yaani mshipa wa shingoni unaorudisha damu moyoni, nisije nikasikia mtu anajipulizia dawa puani. Damu inayoshuka kutoka utosini kwa watu wengi inaelemea kulia, kwa hiyo kushoto kunabaki kamfereji kembamba na jugula ndogo, tunakutana nacho kila leo.

Sasa kinachonichosha ni hawa wanaosoma "nyembamba" wanatangaza "imeziba". Kuna MRI inayopigwa bila dawa ya kung'arisha mishipa, hiyo inaonyesha damu inayotembea tu, ikienda polepole mshipa unapotea kwenye picha na huku upo! Tukiwa na wasiwasi tunarudia kwa dawa, au tunaangalia kwenye CT skani lile tundu la mfupa jugula inapopitia, nalo likiwa dogo ujue ni umbile, mfupa hausinyai kwa wiki mbili. Halafu jugula yenyewe ukikaa inanywea, ukilala inajaa, ukigeuza shingo inabanwa, sasa utazibua nini?

Tena sio wauza mizizi tu. 2009 daktari Paolo Zamboni wa Italia alisema ugonjwa wa maltipo sklerosisi, ule unaoharibu neva za ubongo na uti wa mgongo, unatokana na vena za shingo kuwa nyembamba, watu wakakimbilia kupanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kibomba cha kuuacha mshipa wazi, 2012 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikatoa onyo kwamba kuna waliokufa na waliopata kiharusi, na 2017 utafiti aliouongoza Zamboni mwenyewe ukaonyesha kupanua huko hakusaidii.

Kichwa chako kina sababu yake, rudi kwa daktari itafutwe. Ila ukianza kutapika, kuona ukungu au degedege, hasa kama umejifungua juzijuzi au unameza vidonge vya uzazi wa mpango, nenda hospitali saa hiyohiyo, hapo ndipo tunaogopa damu imeganda kweli, na hiyo inatibiwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, sio unga wa kwenye chupa.