Maswali ya Wasomaji: Mkate wa Muhogo Usio na Gluteni

Swali: Nimeoka mara tatu mkate wa unga wa muhogo mtupu. Juu unaiva vizuri, lakini nikiukata kisu kinatoka na utando wa gundi, na chini kuna mstari mzito kama mpira. Nilitumia vipimo vyangu vya mkate wa ngano, nikakanda dakika kumi na kuumua mara mbili. Nakosea wapi?

Jibu: Kwenye vipimo vya ngano hapo hapo. Unga wa ngano ukipata maji na kukandwa, protini zake hushikana zikawa gluteni, yaani utando unaovutika na kunasa hewa inayotolewa na hamira. Muhogo hauna kitu hicho. Katika gramu 100 za unga wake protini ni gramu moja hadi mbili tu, na kilichobaki karibu chote ni wanga. Ukande dakika kumi au saa nzima, ni jasho la bure. Kuumua mara mbili ndiko kunakoharibu zaidi, kwa sababu hewa ya kwanza ukishaitoa hairudi yote.

Sasa huo mstari wa mpira. Wanga wa muhogo ukipita nyuzi 60 hivi za Selsiasi huanza kuvimba, hunywa maji na kugeuka uji unaovutika. Uji huo haushiki umbo mpaka katikati ya mkate pafike nyuzi 96 au zaidi, kisha upoe kabisa. Kwa hiyo mkate uliotolewa mapema, uliokatwa ungali moto au uliotiwa maji mengi mno huonekana umeiva kwa nje huku ndani ni uji. Rangi ya juu haikusaidii kujua.

Kwa maoni yetu, muhogo mtupu unafaa mikate myembamba ya kikaangoni, siyo mkate mnene wa slesi. Upunguze nguvu kwa unga wa mchele, kisha uweke kitu kitakachofanya kazi ya gluteni. Kinachofaa kuliko vyote ni maganda ya saili, yale makapi mepesi ya mbegu ambayo wengine huyaita isabgoli na kuyatumia kulainisha choo. Yakilowa hutoa ute mzito ambao hunasa hewa.

Kwa kopo la mkate lenye urefu wa sm 21 na upana wa sm 11, pima kwa mizani, si kwa kikombe. Unga wa muhogo huweza kushindiliwa au kukaa legelege, na kikombe kimoja kikatofautiana na kingine kwa gramu 30 bila wewe kujua.

Unga wa muhogo g 250
Unga laini wa mchele g 100
Maganda ya saili g 20 (yakiwa yamesagwa, g 17)
Maji ya uvuguvugu g 360
Mayai 2
Mafuta g 30
Sukari g 15
Hamira kavu ya chenga g 7
Chumvi g 6
Siki kijiko 1 cha chakula

Chukua g 300 za maji, nyunyiza saili huku ukikoroga, uache dakika kumi. Ukipindua bakuli ute usidondoke. Ukidondoka, ongeza dakika tano. Usimwage maganda yote kwa mpigo, yatafanya madonge ambayo utayakuta baadaye kwenye slesi kama vipande vya jeli. Katika g 60 zilizobaki weka sukari na hamira. Maji yawe ya nyuzi 38 hadi 42, yaani moto kidogo tu kuliko kidole chako. Baada ya dakika kumi pasipokuwa na povu, hamira hiyo imekufa, usiendelee nayo.

Chekecha unga wa aina zote mbili pamoja na chumvi. Piga mayai na mafuta na siki, changanya na ule ute, tia hamira, halafu unga kwa awamu tatu. Koroga kwa mwiko mgumu au mashine dakika nne, mpaka usione mstari mweupe wa unga. Utapata kitu kilicho katikati ya donge na rojo: mwiko unasimama, lakini mkononi kinanata. Hapo ndipo wengi huogopa wakaongeza unga. Usiongeze. Acha dakika tano, muhogo bado unakunywa maji, na donge litakazana lenyewe.

Paka kopo mafuta, weka karatasi ya kuokea, jaza hadi theluthi mbili na ulainishe juu kwa mkono uliolowa. Umua mara moja tu, mahali penye joto, dakika 40 hadi 50, mpaka donge libakize sm 1 kufika ukingoni. Ukisubiri lipite ukingo litapanda kwa madaha, kisha likianza kuiva lianguke katikati.

Oka kwa nyuzi 190 dakika 60. Ganda likianza kukolea mapema, funika kwa foili. Kipimajoto kikichomekwa katikati kisome 97. Kama huna kipimajoto, pima uzito: donge la vipimo hivi lina karibu g 900, na mkate ulioiva huwa umepoteza kama sehemu moja ya kumi. Ukikuta umepungua g 40 tu, urudishe dakika 15. Toa kwenye kopo baada ya dakika kumi, la sivyo mvuke utalowesha tako la mkate, uweke kwenye wavu, na usiuguse kwa kisu kabla ya kupita muda wa saa tatu.

Ukishapoa, mkate utakwambia kosa lenyewe. Mbavu zikiingia ndani, maji yalizidi au muda wa kuoka ulipungua. Mara ijayo punguza maji g 20. Ukipasuka juu na ndani ukawa wa kumung'unyika, maji yalikuwa machache. Ukigeuka zambarau au kijivu, usishtuke, ni saili ya aina fulani tu na haina madhara. Tafuta yenye rangi nyepesi.

Swali: Kuna pakiti imeandikwa unga wa muhogo na nyingine wanga wa muhogo. Naweza kutumia yoyote?

Jibu: Hapana. Unga ni muhogo mzima uliomenywa, ukakaushwa na kusagwa. Nyuzinyuzi zake zimo. Wanga, ambao pia huitwa tapioka, ni ile sehemu nyeupe iliyokamuliwa na kuoshwa. Ukiubana kwa vidole huteleza na kutoa mlio kama theluji inayokanyagwa. Wanga haunywi maji kama unga. Ukiuweka mahali pa unga kwa uzito uleule, utaoka gundi. Unachoweza kufanya ni kutoa g 40 za unga wa mchele na kuweka g 40 za wanga, mkate utapata uvutikaji kidogo. Zaidi ya hapo hatushauri.

Swali: Unga wangu una harufu ya uchachu na uchungu kidogo. Kuoka kutaondoa?

Jibu: Hayo ni mambo mawili tofauti. Uchachu unatokana na muhogo uliovundikwa kabla ya kukaushwa, hauna ubaya wowote ila utausikia kwenye mkate. Katika hali hiyo acha siki. Uchungu ni jambo zito. Muhogo, hasa ule mchungu, una linamarini, kitu kinachotoa sianidi. Kimeng'enya kilichomo humo humo kwenye muhogo hukivunja, na sianidi hupotea hewani kama gesi muhogo unapokunwa, kulowekwa na kukaushwa vizuri. Oveni haifanyi kazi hiyo, kwa sababu joto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza na linamarini hubaki. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka unga wa kula usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo.

Unga mchungu kabisa tupa. Kama hauna uchungu lakini hujui ulivyotengenezwa, ulowanishe: g 250 za unga kwa g 200 za maji, changanya, tandaza unene usiozidi sm 1, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, mahali penye hewa. Utumie siku hiyo hiyo. Kabla ya kuoka upime tena: ukisoma g 410, maji g 160 yamo tayari, basi yatoe kwenye yale g 360. Zitakazobaki ni g 200: g 60 za hamira na g 140 za saili. Ute utakuwa mzito zaidi ya kawaida, uchanganye na mayai taratibu.

Swali: Mtoto wangu hali mayai. Nifanyeje?

Jibu: Ongeza saili ifike g 25 na maji yafike g 430. Mkate utakuwa mfupi na mzito zaidi, kwa kuwa mayai ndiyo yaliyokuwa yakiganda na kushikilia kuta za vitundu. Oka dakika kumi zaidi.

Swali: Nahisi ngano inanidhuru tumboni. Nimeanza kula mkate uliochanganywa muhogo na ngano. Je, unatosha?

Jibu: Huo si mkate usio na gluteni, hata ngano ikiwa sehemu moja kati ya kumi. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoliwa, kiasi kidogo tu kinatosha kudhuru; kiwango cha Codex cha chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Shayiri na rai pia zina gluteni. Mashine iliyosaga ngano asubuhi ikasaga muhogo mchana itakupa muhogo wenye ngano. Chekecheke, kibao cha mbao na kibaniko cha mkate viwe vya peke yake, kwani havisafishiki kikamilifu.

Ila usiache ngano kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili zinazotengenezwa wakati bado unakula gluteni. Ukiiacha kwanza, majibu yanaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao.

Swali: Kesho yake mkate unakuwa mgumu hata nikiuweka kwenye friji.

Jibu: Friji ndiyo inayoukaza. Wanga uliopikwa hurudi kuwa mgumu haraka zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Siku ya kwanza uache nje ukiwa umefungwa kwa kitambaa. Uliobaki ukate slesi, utenganishe kwa karatasi, uweke kwenye friza, na ubanike moja kwa moja bila kusubiri barafu iyeyuke.